Mtu Asiyekuwa na Shida

Kiwanda cha magodoro kilikuwa na wafanyakazi wengi wenye shida, na mmoja tu asiyekuwa nayo. Huyo walimwita Mzima. Picha yake ilitundikwa langoni ndani ya fremu, amekunja mikono kifuani kama mtu aliyeshiba, na chini yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye mfanyakazi mwenye furaha kuliko wote. Wageni walisimama wakaitazama. Wenzake walipita wakacheka. Mwenyewe aliingilia mlango wa nyuma, kati ya marundo ya vipande vya sponji, ili asije akaiona.

Maana shida alikuwa nayo, tena kubwa. Alitaka ruhusa ya Jumamosi moja, akaoe.

Mzima alikuwa mtunza ghala, na alikuwa amekaa kapera mpaka dada yake mkubwa akaacha kumwombea mke akaanza kumwombea afya. Kisha siku moja alipeleka shuka kushonwa kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mjane aliyejulikana kama Mama Mapazia kwa sababu hakukuwa na dirisha mtaani lisilovaa kazi ya mikono yake. Shuka ilishonwa vizuri. Lakini ajabu ya Mungu, tangu siku hiyo shuka za Mzima zikawa zinachanika kila wiki. Mama Mapazia alishona, akashona, mpaka siku moja akaweka mkasi chini akamwambia, "Baba, utamaliza shuka zote mjini. Sema unachotaka." Mzima akasema. Mama Mapazia akakubali. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama maji mteremkoni.

Kilichobaki ni ruhusa ya kazini, na ruhusa ilitoka kwa meneja, na meneja alikuwa Upepo.

Upepo alizaliwa na Kiingereza mdomoni, huko kwao kusikokuwa na lugha nyingine. Hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Alikuwa na miguu mirefu na haraka isiyoisha, akitoka ofisini kwenda mashineni, mashineni kwenda ghalani, na shati lake likibaki nyuma kidogo kama linamkimbiza. Kila aliyekutana naye koridoni alimuuliza hali. Hakumruka mtu, hata mfagizi, hata mlinzi anayesinzia. Ila kwao hali huulizwa huku mtu anatembea, ikajibiwa huku mtu anatembea, na anayesimama kuijibu huonekana ana kasoro. Ni kama kupiga honi kwenye kona: umeonyesha upo, basi.

Mzima alilelewa vingine. Kwao muungwana haanzi na shida. Ukiulizwa habari, ni nzuri. Paa limeezuliwa, habari ni nzuri, ila paa limeezuliwa. Mmefiwa, habari ni nzuri, ila tumefiwa. Hakuna uongo hapo, kwa sababu kila mtu anajua kwamba mzigo wenyewe uko nyuma ya ile ila, na aliyeuliza anasimama kuungoja. Kuanza na shida ni kama kuingia nyumba ya watu kwa dirishani.

Kampuni ilikuwa imewaletea mwalimu wa Kiingereza, kijana mwenye tai fupi, akawafundisha jibu la vipande vitatu: niko salama, asante, na wewe je? Mzima alivishika vyote vitatu darasani, akasifiwa. Koridoni alikitupa cha tatu. Alihitaji nafasi ya kuweka ila yake, na Upepo hakuwa mtu wa kukupa nafasi.

"Hali yako, Mzima?"

"Niko salama, asante, ila..."

Na hapo mbele yake pakawa na mgongo, kisha kona, kisha harufu ya sabuni ya kunyolea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, asubuhi na mchana, wiki baada ya wiki. Upepo alikuwa anasikia nusu ya kwanza tu, na nusu hiyo ilimpendeza mno. Wengine walikuwa wanamchosha. Dereva wa lori, akiulizwa hali, alijibu "Mbaya!" bila haya, Upepo akashtuka, akasimama, akampa siku za kupumzika. Mshonaji mmoja alisema paka wake ana homa, naye akapewa. Mzima peke yake alikuwa salama, asante. Upepo akaanza kumtaja vikaoni. Kisha akampiga picha ile ya langoni. Kisha, kwa kuwa mtu asiye na shida hana pa kwenda, akamkabidhi Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza ya harusi ililiwa na shehena ya sponji iliyoingia ghafla. "Mzima yupo," alisema Upepo, na kweli Mzima alikuwepo, akipokea marobota huku msajili wa ndoa akiita majina yao kwenye benchi tupu. Ya pili ililiwa na zoezi la kuzima moto. Upepo alihitaji mtu mtulivu wa kujifanya ameungua, na nani mtulivu kumshinda Mzima? Wakambeba kwenye machela wakamzungusha kiwanja kizima. Kila alipoinua kichwa kusema neno, mlinzi alimrudisha chini akisema maiti hazungumzi.

Dada yake mkubwa alishika kiuno. "Mdogo wangu, si umwambie tu hali yako mbaya, kama dereva?"

"Mbaya vipi, dada, na mimi naoa? Habari yangu ni nzuri. Ndiyo shida yenyewe hiyo."

"Basi mtumie ujumbe wa sauti."

Akautuma. Aliufikiria usiku na mchana, akausema kwa Kiingereza chake chote. Alianza kwa kumsalimu Upepo, akasalimia familia yake, akamshukuru kwa kazi, akaisifu kampuni, akaeleza kwamba yeye mwenyewe ni mzima na dada yake ni mzima, na ndipo, pumzi zikiwa zinamwishia, akaigusa harusi. Upepo aliusikiliza huku anapanda gari. Aliposikia watu wote ni wazima akaukata, akamrudishia alama ya dole gumba. Mzima alilitazama dole gumba lile kwa muda mrefu. Lilikuwa la manjano, limesimama wima, na halikusema ndiyo wala hapana.

Akajaribu kuziba njia. Alisimama mlangoni kwa upana wake wote, mkono huku na mkono kule, azma imemjaa kifuani. Upepo alipofika akadhani anafunguliwa mlango, akamshukuru, akapita chini ya kwapa.

Mama Mapazia naye alikuwa na kikomo chake. Gauni alikwisha kulishona, kitambaa cha rangi ya maziwa alichokuwa amejiwekea bila kumwambia mtu, na mara mbili amelivaa, na mara mbili amelivua. Siku hiyo hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Nimeahirishwa kama mkutano wa mtaa," alisema. "Msajili yupo Jumamosi hii mpaka adhuhuri. Tusipofunga ndoa, usinitafute tena. Siolewi na mwanamume anayeshindwa kumsimamisha mtu mmoja koridoni."

Mzima aliapa. Na kwa kuwa alimpenda, tena alimpenda vibaya, kwa mapenzi ya mtu aliyechelewa, aliapa mara ya pili bila kuombwa.

Jumamosi ilipofika akabuni mpango ambao kichwani ulikuwa mzuri. Angeingia kazini mapema, aonekane, kisha atoroke kupitia marundo yake ya sponji. Ili asipoteze muda wa kubadili nguo, alikwenda na suti ya harusi mwilini, ya rangi ya buluu nzito, na ua mfukoni.

Upepo alimwona kutoka mbali, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alipunguza mwendo. Asubuhi hiyo walikuwa wanakuja wanunuzi kutoka nje, na huyu hapa mfanyakazi mwenye furaha kuliko wote, amejivalia suti kwa ajili yao bila kuambiwa! Alimshika bega. Alimuuliza hali. Mzima akasema yuko salama, asante, ila, na Upepo alikuwa tayari anamvuta kwenda ukumbi wa maonyesho, akamwonyesha godoro kubwa kuliko yote, bado limo ndani ya nailoni, akamwambia alale.

"Nilale, bosi?"

"Lala tu. Wakuone unavyostarehe."

Sasa wewe unayesoma utasema, si angekataa? Ungekuwa wewe ungekataa. Mzima akalala. Nailoni ikalia chini yake. Wanunuzi wakaingia, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wakamzunguka na kumtazama, naye akautazama ukuta wa mbele yake, ambapo saa ilikuwa inatembea bila kumhurumia. Upepo alieleza unene wa sponji. Mzima alieleza kwa macho kwamba anakufa.

Ndivyo Mama Mapazia alivyomkuta. Alikuwa amemngoja kwa msajili, akachoka kungoja, akaondoka na gauni lake la rangi ya maziwa, na dada mtu nyuma yake anashika pindo lisiguse vumbi. Mlinzi hakuthubutu kuwazuia. Wakapita chini ya ile picha ya langoni, wakaingia ukumbini, na hapo mbele ya wageni wa heshima alikuwa amelala bwana harusi, na suti yake na ua lake, chali.

"Mungu wangu," alisema dada, "ameshazoea umaiti."

Mama Mapazia alikuwa amekuja na maneno. Njia nzima alikuwa anayanoa, na yalikuwa yanamhusu Mzima kidogo na Upepo kwa wingi. Lakini naye alilelewa kulekule. Huwezi kumtukana mtu ambaye hujamsalimu. Akamwendea Upepo moja kwa moja, akamshika mkono, na hakuuachia.

"Habari za asubuhi?"

Upepo naye alikuwa mwanafunzi. Alikuwa anajifunza Kiswahili kwenye simu, kila siku kidogo, na simu ilikuwa imemfundisha jibu linalofungua milango yote. "Nzuri," alisema kwa furaha, na mguu wake mmoja ukaanza kuondoka. Mkono haukuondoka, kwa hiyo mguu ukarudi.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Kazi je?"

"Nzuri."

"Mama hajambo huko?"

"Nzuri," alisema Upepo.

Mama Mapazia akanyamaza. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa ameuliza, amejibiwa nzuri, na sasa anangoja kilichobaki, kama anavyongoja kila mtu aliyelelewa, kabla hajaanza ugomvi wake. Alimtazama usoni na mkono akiwa ameushika. Ukumbi ukawa kimya. Watu wa kwao Upepo kimya hawakiwezi, huwawasha. Upepo alitabasamu. Akatazama wanunuzi. Akatazama mkono wake. Tabasamu likabaki peke yake usoni bila mwenyewe, kisha nalo likaondoka.

"Mama," alisema, akitafuta maneno moja moja, "mama... amekufa."

"Lini, baba?"

"Mwezi wa nne."

Hakuna aliyejua. Kiwanda chote, hakuna aliyejua. Mama Mapazia alisema "Pole sana, mwanangu," na ile hasira aliyoinoa njia nzima ikamtoka mkononi hata hajui imeangukia wapi. Alimketisha Upepo kwenye ukingo wa godoro, karibu na miguu ya Mzima, akaketi naye.

Na Upepo akazungumza. Kiswahili kilimwishia mapema, akahamia Kiingereza, na Mzima, ambaye sasa alikuwa ameinuka amekaa, akawa anatafsiri. Mama yake alianguka jikoni. Simu ilipigwa. Sponji ilikuwa bandarini wiki hiyo, ikabidi aitoe, na alipoitoa mama alikuwa keshazikwa. Kaka yake hamsemeshi. Alirudi kazini siku ya pili na watu wote walimuuliza hali, akasema salama, kwa kuwa kwao aliyeulizwa hivyo hajibu vingine. Hapo Upepo akalia, kwa sauti mbaya, sauti ya mtu asiye na mazoezi.

Dada mtu akavua viatu akaketi chini. Wafanyakazi wakachungulia, wakaona watu wameketi chini na mtu analia, wakavua viatu wakaingia. Mpika chai akaleta birika. Dereva wa lori alisema pole kwa lugha mbili. Wanunuzi waliamini kwamba hivi ndivyo magodoro yanavyojaribiwa katika nchi hii, wakachagua kila mtu lake, na yule mwanamke akalala usingizi wa kweli.

Mzima alitafsiri huku anaitazama saa. Alimtazama Mama Mapazia, akaona naye anaiona. Angeachia mkono ule wakati wowote na wangewahi. Hakuuachia. Mzima aliingiwa na hofu, na ndani ya hofu hiyo likaja jambo jingine lililomuuma zaidi. Mwezi wa nne. Mwezi wa nne alikuwa amekutana na mtu huyu koridoni kila siku ya kazi, akaulizwa hali, akaitika, akakimbilia haja yake. Kile kipande cha tatu alichofundishwa na kijana mwenye tai fupi, hakukitoa hata siku moja. Miezi yote hiyo alikuwa amenuna kwamba hangojewi, na yeye hakuwa ameuliza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kushindwa kumtazama mtu.

Saa ilipopita adhuhuri Upepo alipangusa uso, akawatazama wawili hawa kana kwamba ndiyo kwanza wanaingia. Gauni. Suti. Ua.

"Mbona mmevaa hivi?"

"Leo ilikuwa harusi yetu, bosi," alisema Mzima.

"Leo? Kwa nini hukuniambia?"

Mzima alifikiri namna ya kulieleza jambo hilo kwa Kiingereza, akaona njia ni ndefu. "Nilikuwa naelekea huko," alisema.

Upepo aliwapakia garini, akaendesha kama jina lake. Walipofika, kufuli lilikuwa mlangoni na ofisi ilikuwa kimya. Upepo alisimama mbele ya kufuli lile akaomba radhi kwa Kiingereza kirefu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja sahani ya ugenini.

"Anasemaje?" aliuliza Mama Mapazia.

"Anaomba msamaha."

"Mwambie akae, atuache kidogo."

Upepo na dada wakaketi ngazi ya chini. Mzima akaketi ya juu, karibu na gauni lakini si karibu sana, akangoja hukumu yake.

"Ulisema nisikutafute tena," alisema mwishowe.

"Nilisema."

"Basi ningekuomba..."

"Ngoja. Mume wangu wa kwanza alipokufa," alisema Mama Mapazia, akiitazama barabara, "walikuja watu wetu, majirani zetu, wa lugha yetu hii hii. Wakaniuliza hali, nikasema nzuri. Wakaondoka wakisema huyu mama ana moyo. Hakungoja hata mmoja. Niliyokuwa nayo niliyashona kwenye mapazia ya watu, mwaka mzima. Leo yule bwana alivyonyamaza nimemjua. Nisingeweza kumwachia mkono hata kwa harusi."

Mzima alitaka kusema neno. Safari hii hakulisema, akabaki ameketi anangoja, na Mama Mapazia akamweleza mengine, ya mwaka ule, ambayo hayamhusu mtu mwingine. Jua lilihama ngazi. Chini kule dada alikuwa anamfundisha Upepo namna ya kumpigia simu kaka aliyenuna, na jinsi ya kuanza.

"Jumatatu," alisema Mama Mapazia alipoinuka, akijipangusa vumbi. "Na gauni hili sivui tena bure."

Jumatatu kiwanda hakikufunguliwa mpaka mchana, kwa sababu wote walikuwa kwa msajili, na Upepo akiwa shahidi wa bwana harusi, amechana nywele. Msajili alimuuliza Mzima, Mzima akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Akamgeukia bibi harusi akamuuliza kama anamkubali mwanamume huyu. Mama Mapazia alimtazama Mzima muda mrefu kidogo kuliko kawaida, mpaka dada akashika shavu na Upepo akaacha kupumua. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema ndiyo, na baada ya ndiyo hiyo hakuweka ila yoyote.